Safi Kwanza

Nesi Ndeonasia aliweka chupa mbili mezani,
akasema: hii safi, hii ya mawingu.
Mimi fundi rejeta, Pasua. Najua maji, najua mvuke,
najua injini inavyokufa kwa joto.
Sikujua mtoto wa miaka tisa
anaweza kunywa ndoo nzima usiku, na bado akakauka
kama jani la mgomba wakati wa kiangazi.

Safi inakimbia, alisema.
Mchome, ngoja nusu saa, ndipo sahani.
Ya mawingu inatembea. Inapanda pole pole
kama mpagazi anayeujua mlima,
inafika kileleni wewe umeshalala.
Usiitikise. Ibingirishe viganjani.
Ukivuta, safi kwanza, mawingu baadaye,
ukigeuza utaichafua chupa nzima.

Nilirudia njiani kama mtoto aliyetumwa dukani:
safi kwanza, mawingu baadaye, safi kwanza,
mpaka asubuhi moja nikatoka kupiga mswaki,
Kibo huo hapo, mtupu, mweupe, kila ufa unahesabika,
na saa nne nikainua macho kutoka kwenye chuma:
hakuna mlima. Mawingu.
Nikacheka peke yangu. Mteja akauliza, kulikoni?
Nikamwambia, somo langu liliandikwa pale miaka yote.

Lakini usiku mlima hauonekani.
Mwezi wa nne, umeme umekatika,
mvua juu ya bati, mshumaa umebaki kidole.
Nikatia mkono kwenye chungu cha mchanga uliolowa,
ndiyo friji yetu,
nikavuta kumi na nne za ile inayotembea.

Ilikuwa ile inayokimbia.

Nilijua sindano ikiwa imeshatoka.
Aikande akauliza: Baba, mbona umekaa chini?
Usiku ule alikunywa chai ya sukari, uji wa sukari,
soda ya Mama Kisaka tuliyemgongea dirisha.
Nilimtoboa vidole mara kumi na moja.
Mtoto niliyemnyima peremende mwaka mzima
akalia kwamba amechoka na utamu.
Alfajiri mashine ikasema sita nukta mbili.
Sikulia. Nilitoka nje, nikalia.

Tangu hapo ya mawingu ina uzi shingoni,
mafundo mawili, kidole kisome gizani.

Sasa ana kumi na miwili. Anabingirisha mwenyewe,
anainua bomba dirishani,
anagonga kipovu kwa ukucha kama nesi.
Mtori bakuli moja, anajua ni nukta ngapi.
Mimi naulizwa tu nikae pembeni.

Jana Nesi alituambia zimefika nyingine:
moja ya siku nzima, haina kilele,
inakwenda tambarare kama barabara ya Kahe,
na haichanganywi na mwenzake kwenye bomba.
Nikaishika kwenye mwanga.
Safi. Safi kama maji ya chemchemi.
Zote mbili safi.

Nikatazama nje kuutafuta mlima.
Aikande hakutazama nje.
"Baba," akasema, "ule uzi bado upo?"