Kumbukumbu za Kikao cha Zahanati

Mimi ndiye katibu. Nimeagizwa kuandika
yaliyokubaliwa tu.

Kikao kilifunguliwa saa nne na robo,
darasa la sita, shule ya msingi, Mikindani.
Kitambaa cha projekta kilisahaulika mjini,
Bi Mejumaa akavua leso ya mabegani,
ikatundikwa kwa misumari ya ramani.
Hivyo ndivyo tulivyouona mpango wa miaka mitano:
bajeti ikipanda juu ya makorosho mekundu,
na chini, pale penye jumla kuu,
jina la leso lingali lasomeka:
USINIPIMIE KWA KIBABA CHAKO.

(Hili halikukubaliwa. Nimeliandika.)

Afisa alisema: ukuta, lango, kibao cha jina.
Kadzo akainuka, mtoto mgongoni.
"Huyu nilimzaa pale kwenye ngazi,
saa tisa za usiku.
Kufuli lilikuwa jipya, lang'aa.
Nililishika, nikasukuma.
Leo mwataka kunizidishia ukuta?
Mimi naomba muuguzi alale ndani."
Jenereta ikakohoa nje.
"Hoja yako tumeichukua," afisa akasema.

Wameichukua.
Nami nilidhani hoja ni kama damu,
ikichukuliwa hurudi na majibu.

Ramadhani ikapita. Iliyorudi ni karatasi:
Wananchi walishirikishwa.
Nyuma yake sahihi zetu sitini na moja,
zile tulizotia ili tupewe soda,
na dole gumba la Kadzo katikati,
la zambarau, limeukubali ukuta.

Ukuta upo. Mzuri. Mbuzi hawaingii.
Wala sisi, ikishapiga saa kumi na moja.

Leo wametuita tena.
Karatasi yapita safu hata safu,
kalamu imefungwa uzi isipotee.
Mzee Tsuma aipitisha bila kuigusa kalamu.
Saumu wa duka la dawa, vivyo hivyo.
Yafika kwa Kadzo. Mtoto sasa atembea,
avuta ule uzi.
Kadzo aigeuza karatasi, huku na huku,
atafuta juu ni wapi,
kisha anipa mimi.
"Katibu, tusomee. Polepole.
Tujue twasema ndiyo kwa lipi."

Afisa atazama saa.
Soda zi ndani ya kreti, zatoka jasho,
hakuna kizibo kilichong'olewa.

Nasimama.
Naanza na neno la juu kabisa.