Uso wa Kuuliza

Siku arobaini za mwanzo sikukuona, Zuwena.
Nilikubeba, nilikunyonyesha, nilihesabu nepi,
mama akanipikia uji wa uwatu, akanifunga tumbo,
lakini macho yangu yalikuwa kwenye kiyoyozi,
kwenye lile tone lisilokwisha kudondoka.
Wakasema: subiri, utamzoea.
Nilisubiri.
Sijui ulikuwa usiku upi.

Leo una miezi tisa. Mabela, saa nne asubuhi,
jua limeshaukamata ukuta,
na muuza gesi anagonga mtungi kwa spana,
ngo, ngo, hadi mlangoni petu.
Ndevu za hina, mtungi begani, jasho.
Ukaganda. Mdomo ukapinda kutaka kulia.
Kisha ukamwacha yeye,
ukageuka, ukanitazama mimi,
ukausoma uso wangu taratibu
kama yule anayekuja kusoma mita ya umeme.

Mimi! Nisiyejua hata kujisoma.

Nikatabasamu, kwanza kwa ajili yako,
halafu kweli.
"Ingia, baba," nikamwambia
kwa Kiarabu changu chenye Unguja ndani.

Ukashuka mapajani mwangu, ukatambaa,
ukamnyooshea tende uliyokwisha kuitafuna nusu.
Akaipokea kwa mikono miwili,
akaila na mate yako.
Akataja jina, la mwanawe nadhani,
akaonyesha vidole vitano:
miaka ya mtoto, au miaka hajamwona.
Sikuuliza.

Nimekaa na risiti mkononi.
Anagonga nyumba ya pili, ngo, ngo,
na wewe bado unaupungia mlango uliofungwa.