Fundi wa Fremu, Ngara

Mwende aliingiza nambari ya kitambulisho changu
kwenye simu yake, kwa mzaha tu,
na jibu likaja upesi kuliko la hospitali yoyote:
mimi ni mwanachama. Mwaka wa tatu sasa.
Chama chenyewe sikijui. Nembo yake ni kijiko.

"Baba, kumbe una msimamo!"
Akacheka hadi chai ikamtoka puani.

Usiku nililala na huo msimamo
kama mgeni aliyeingia bila hodi,
anavuta blanketi upande wake.
Saa tisa nikajiuliza: basi wangu ni upi?

Tuanze na wachuuzi. Nataka waachwe wauze.
Mama alitulea kwa karai la njugu,
nami nilijua mlio wa buti za kanjo
kabla sijajua kusoma.
Lakini yule kijana wa miwani akitandaza turubai
mlangoni pangu, mimi niliyelipa leseni na kodi ya duka,
mdomo wangu hunena kikanjo,
tena sanifu.

Ushuru? Ulipwe. Barabara haijengwi kwa maombi.
Kisha king'ora kinapita, magari saba ya mtu mmoja,
nasi tumebanwa ukingoni kama takataka za mvua,
na jioni hiyo risiti naandika nusu.

Kitanzi nakipinga. Serikali isiue mtu.
Hivyo ndivyo nilivyosema mpaka walipoingia kwa Kerubo
wakamvunja mkono kwa ajili ya mtungi wa gesi.
Wiki ile nilinyonga watu wengi sana
nikiwa nimeketi, napiga misumari midogo.

Na siku ya maandamano
niliwafungulia vijana, kumi na wawili,
wakajibanza kati ya vioo, wanakohoa, machozi yanawatiririka,
na hakuna aliyevunja hata kipande.
Nilijivunia kama ni mimi niliyewazaa.
Usiku nikaenda kuketi na Kerubo, mkono bado una plasta,
tumsubiri mwanawe, aliyekuwa nyuma ya zile ngao.
Niliomba kwa sauti arudi salama.
Alirudi.
Nikachukua koti langu, nikatoka bila kumsalimu.

Shemeji Mutinda anasema mimi ni popo:
kwa ndege hayumo, kwa wanyama hayumo.
Yeye amepiga kura ya rangi moja tangu apate meno ya hekima,
na anapotaja chama husema "sisi",
hata siku chama kilipomnyang'anya kiwanja.
Nilitaka kumcheka. Badala yake nikamwonea wivu,
kidogo, kama unavyomwonea wivu mtu anayelala kwenye kelele.

Kazi yangu ni kuwatia watu ndani ya pembe nne.
Napima, nakata, nafuta alama za vidole.
Kila baada ya uchaguzi wateja wananijia:
"Fundi, toa huyu, weka huyu. Fremu ibaki."
Juzi nilifungua moja ya hoteli ya mtaani, imejaa mafuta na moshi,
nikakuta nyuma ya kiongozi wa sasa
wengine wanne, mmoja mgongoni mwa mwenzake,
wamekuwa kadibodi ya kumkaza asilegee.
Nikamuuliza mwenye hoteli kama niwatupe.
"Warudishe," akasema. "Huwezi jua."

Leo asubuhi Mwende amekuja dukani na simu.
Kuna mahali pa kubonyeza, anasema, unajiuzulu mara moja.
Kidole chake kiko tayari.

"Ngoja," nikamwambia. "Hao wa kijiko,
wanasemaje kuhusu wachuuzi?"

Akatafuta ilani, akaanza kunisomea
huku nikikata kioo cha picha ya harusi ya mtu.
Ukurasa wa kwanza nilitikisa kichwa nikikubali.
Wa pili, kioo kikaenda kombo.