Risiti ya Ponda Mali

Aliyefungua geti alichungulia nyuma yangu,
kulia, kushoto, kama anayetafuta mbuzi aliyekata kamba.
"Fundi yuko wapi?"
Nikamwonyesha spana.
Akasema "Haya," kwa sauti ya mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji.

Mtaa wenyewe ni Ponda Mali,
na mali ilikuwa ikipondwa kweli
kwenye mfereji wa nyuma, juu ya karo ya kufulia:
ti. Kimya. Halafu, ukishasahau, ti.
Bili ya Machi elfu nne na mia mbili.
Bwana Cherutich aliikunja, akaikunjua,
akaniambia bila kumtazama msichana:
"Huyu hafungi maji. Nimemkata mia tano Februari,
mia tano Machi, na bado hafungi."

Naliaka alikuwa anasuuza sufuria iliyokwisha kusuuzwa.

Mimi simjibu mtu kabla ya kuiuliza mita.
Nikafunga jikoni, bafu, choo,
nikainama kwenye kisanduku cha saruji, nikamfukuza buibui.
Ile nyota ndogo nyekundu ilikuwa inazunguka
polepole, kama mtu anayetafuna njugu peke yake usiku.

Koki kuu imeganda; nikaibembeleza kwa mafuta ya taa.
Kisha nikaufungua mfereji uteme yaliyobaki,
maana ukimvua kofia mwenye hasira atakupiga usoni,
nami nilishapigwa, mwaka wangu wa kwanza, kule Lanet,
mbele ya wageni wa posa.

Kichwa kikatoka na chokaa shingoni.
Ni maji yetu haya haya, yaliyonipaka meno rangi ya chai
nikiwa bado darasa la pili.
Na chini ya kijiti cha shaba, mpira:
kovu la duara katikati, upande mmoja umeliwa,
mgumu kama ganda la chungwa lililosahauliwa juani.

"Nionyeshe unavyofunga," nikamwambia Naliaka.
Akaushika mfereji uliokufa, akakaza kwa mikono miwili
mpaka mshipa wa shingo ukamtoka.
Kiganjani, chini ya kidole cha shahada,
lengelenge lililopasuka juu ya lengelenge la zamani.

Basi nikaelewa.
Kila alipogombezwa alikaza,
kila alipokaza mpira ulikatika,
kila ulipokatika tone liliongezeka,
na tone lilipoongezeka, akagombezwa.

Hotuba sina. Nina mipira kwenye kopo la maziwa ya mtoto.
Nikachagua wa nusu inchi,
nikakipiga kikalio msasa hadi kidole kikasema basi,
nikazungusha uzi wenye grisi shingoni mwa kijiti,
unavyokwenda mkono wa saa, si kinyume.
Nikafungua koki.
Mfereji ukakohoa hewa, ukatema kutu, ukanyooka.

"Sasa funga. Kwa vidole viwili."
Akanitazama kama niliyemtania msibani.
Vidole viwili.
Tukasubiri, sote watatu, masikio yameelekea ukutani.
Jirani alikuwa anakatakata sukuma.
Nyota kwenye mita ilikuwa imelala.

Bwana Cherutich akataka risiti.
Nikaandika juu ya goti:
Mpira wa mfereji, nusu inchi: shilingi ishirini.
Uzi na grisi: thelathini.
Kazi: mia nne.
Kalamu ikataka kusimama hapo. Sikuiruhusu.
Naliaka, Februari na Machi: elfu moja.

Akasoma. Akasoma tena, sasa midomo ikitembea.
"Hii ya mwisho si yako kudai."
"Si yangu," nikasema. "Ndiyo maana sikujumlisha.
Jumlisha wewe."

Alinilipa mia nne na hamsini, noti na sarafu,
nikafunga mkoba, nikamwacha getini
na karatasi yangu, na kalamu yangu.
Kalamu hiyo sijairudia.