Sura ya Nne

Nakala mia tano ni maboksi kumi na mawili na nusu.
Matano chini ya kitanda, manne juu ya kabati,
yaliyobaki jikoni, ubavuni mwa mikungu ya ndizi,
hata Anande akaniuliza asubuhi moja
akikoroga uji, kiwiko kimebanwa na boksi:
"Mifongo ya mlimani sasa inapita kwetu?"

Maana kitabu ni cha mifongo:
nani aliupasua mwamba, nani alinywesha kwanza,
zamu ya nani ilianza jogoo la pili.
Miaka sita, kila likizo, Uru hadi Mbokomu,
tepu ya fundi mfukoni
na viatu vinavyokunywa maji.
Hakuna aliyenituma. Nalisema wazi
kwa sababu mke wangu hulisema kwa upole zaidi.

Loishiye, mchapaji wa Arusha, ni mtu wa haki:
nusu kabla wino haujagusa karatasi,
nusu kabla gari halijatoka getini.
Nusu ya kwanza ilikuwa na kwato nne
ikalia njia nzima kwenda mnadani.
Nusu ya pili ni Saccos ya walimu,
ambayo haijawahi kusahau tarehe.

Sasa hesabu, kwa anayependa hesabu.
Kuchapa, elfu sita na mia nane.
Bei ya dukani, elfu kumi na tano.
Duka linabaki na sita, mimi tisa.
Kwa hiyo elfu mbili na mia mbili kila nakala,
toa nauli, toa boksi lililolowa Machi,
toa za bure
("Mwandishi! Yangu iko wapi?"
msibani, udongo haujakauka juu ya kaburi).

Bi Temba wa karibu na mnara wa saa
alipokea ishirini kwa mali kauli.
Akazipanga kati ya maswali na majibu ya kidato cha nne
na namna ya kufuga kuku wa kisasa.
Baada ya miezi mitatu: saba.
Nikavuka barabara kifua mbele.
Sikumwambia kwamba mbili kati ya hizo saba
alizinunua mpwa wangu Kaanaeli, kwa pesa yangu,
ili rafu ionekane inapumua.
Hasara ya elfu kumi na mbili
kununua kazi yangu mwenyewe. Sijutii.
Kidogo tu.

Halafu Juni, Majengo,
nimekwenda kutoa kopi ya kitambulisho,
nikaiona sura yangu ya nne.
Ramani na yote. Imebanwa kwa waya wa plastiki,
jalada la bluu, elfu tatu na mia tano.
"Hiki kinatoka sana," akasema Aikande wa stesheneri,
"kamati za maji wanakigombania. Nikupe vingapi?"

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mengi,
ya sheria, ya jasho, ya yule ndama.
Nikafungua nimwonyeshe jina langu
na jina halikuwepo,
sura ya nne haina jina la mtu.
Ila pembeni mwa ramani, kwa penseli ya nisiyemjua,
iliyopigwa kopi pamoja na yangu, weusi uleule:
"Si kweli. Mfongo huu haukuishia hapa.
Ulipita kwa Makia, ukakata kona penye mringaringa."

Miaka sita.
Nilisimama pale, nikaona mawe yamelala,
nikaandika "mwisho."
Sikuvuka ule ua wa masale.

Nikalipa. Hata punguzo sikuomba.
Usiku, Anande amelala,
pembe ya boksi ikinichoma kisigino,
nikafungua daftari la matumizi,
nikaandika chini ya nauli, chini ya Saccos:
utafiti, 3,500.

Jumamosi napanda kwa Makia.
Viatu ni vilevile.