Kiti cha Nne

Miaka kumi na tisa, kituoni Kengeja,
Mwashamba alikuwa mlango:
akiita majina, akipima uzito,
akifunga kitambaa cha presha mkononi,
akiandika namba,
akinyamaza.

Leo asubuhi wameongeza kiti.
Daktari, muuguzi, mfamasia, na yeye,
kalamu bado kaichomeka mtandioni.

"Presha ya Bi Hadia haishuki.
Tuongeze dozi?"
Feni inazunguka, kalenda inapepea ukutani.
"Nawe, waonaje?"

Anageuka nyuma
kutazama aliyeulizwa nani.

Kisha, polepole:
"Kidonge hakimezi kizima.
Hukikata kwa kisu cha muhogo,
nusu yake, nusu ya mumewe.
Kaniambia juzi, pale kwenye mzani,
akivua viatu."