Sarafu za Kusawazisha

Duka la rehani, Gallowgate, mvua ya Glasgow mlangoni.
Muuzaji kaziweka mbili juu ya kioo:
ya mota tatu, paundi mia na themanini,
inayoinua kichwa kama paka aliyeitwa,
na ya vyuma vya mizani, thelathini,
skrubu moja haipo.

Mfukoni nina mia mbili kasoro kidogo.
Na waigizaji wanne, wote wanakula.

Najaribu ya mota. Natembea na kamera
hadi kwenye magitaa yasiyokombolewa, narudi.
Picha inateleza kama samli kwenye kikaango.
Shadya ananifinya: Hii. Hii ndiyo.

Najua. Ndiyo inayonitia mashaka.
Juzi tuliazima moja ya namna hii,
tukampiga picha Bi Zamzam akipanda ngazi,
ghorofa kumi na moja, lifti imekufa tangu Januari,
mchele mkono huu, mchele mkono ule,
goti la kushoto likimsuta kila kidato.
Tulipomwonyesha akacheka mpaka akakohoa.
“Huyo ni malaika,” akasema.
“Mimi nilipanda kwa miguu.”

Nikalipia ya vyuma.
Shadya hakunisemesha hadi tuliposhuka basi.

Usiku, mezani, kamera ilikuwa inalalia upande.
Nikatafuta chenji ya dukani,
nikabandika peni mbili kwa utepe upande mwepesi.
Bado.
Nikaongeza peni moja.
Ikayumba, ikafikiri,
ikasimama ikihema kidogo.
Shadya akaja na chai, akaishika mpini
bila kuuliza,
akaelekea kwenye ngazi.